Sahani Thelathini na Moja Ukutani

Walisema sitarudi Sydney. Walisema nikirudi nitarudi na begi lile lile nililoondoka nalo, na ndani yake hakutakuwa na karatasi hata moja yenye muhuri wa chuo. Mzee Sefania, fundi mwashi kutoka Burundi aliyekuwa mzee wa kanisa letu pale Granville, alimwambia baba yangu mbele ya watu kwamba mtoto wa aina yangu hafundishiki, na kwamba hata nikiishi miaka mia sitamrudishia mtu yeyote nilichomvunjia. Mama Feza, Mkongo aliyekuwa mkuu wa jiko la akina mama, alisema hayo hayo kwa maneno machache na kwa sauti kubwa zaidi. Sasa ninaandika nikiwa nimekaa katika karakana yangu mwenyewe hapa Wetherill Park. Stashahada yangu ya ufinyanzi na vigae iko ukutani ndani ya fremu, joko langu la kuchomea vyungu limepoa tangu jana, na nje limeegeshwa gari lenye jina langu ubavuni. Sijui kama Mzee Sefania husoma mambo ya namna hii. Ningependa asome.

Kilichonirudisha nyuma ni harufu. Mifuko ya gundi ya vigae naifungua kila siku na hainiambii chochote, lakini juzi nilikuwa peke yangu, asubuhi ya baridi, kwenye jengo tupu lenye mwangwi. Nikamimina maji kwenye ndoo, na ile harufu ya chokaa mbichi, kama ya ukuta ulionyeshewa mvua, ikanipanda puani. Nikawa na miaka kumi na mmoja. Magoti yangu yalikuwa juu ya zege, ncha za vidole zimepauka na kupasuka, na mkononi nimeshika kipande cha sahani ya buluu nikitafuta mahali pa kukibandika.

Ninyi mliokulia upande huu wa jiji mnalijua lile kanisa, au mnalijua jingine linalofanana nalo. Lilikuwa duka la mazulia kabla hatujalikodi, na hata baada ya miaka ya maombi na pilau bado lilinuka zulia jipya. Warundi walikaa mbele, Wakongo walikaa karibu na vyombo vya muziki, Watanzania tulikaa karibu na mlango, na Kiswahili ndicho kilichotushika pamoja, kila mtu na cha kwake. Sisi watoto tulikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza, jambo ambalo wazee walilihesabu kama ugonjwa ambao dawa yake ni kurudishwa nyumbani.

Kanisa halikuwa na sahani zake. Kukiwa na harusi au msiba, kila mama alikopesha za kwake, na ili zisipoteane alitia alama chini ya kila sahani kwa rangi ya kucha. Shughuli ikiisha, maboksi yote yaliletwa kwetu, kwenye fleti ya ghorofa ya pili nyuma ya reli, kwa sababu mtunza vyombo alikuwa mama yangu. Aliziosha upya hata kama zilikwisha oshwa, akazipanga kwa wenyewe, akazifunga kwa magazeti, kisha akazirudisha nyumba kwa nyumba. Kazini kwake, katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa mtu wa kuogesha na kulisha, na wengi wa aliowahudumia walikufa kabla hawajalishika jina lake. Kanisani alikuwa Mama Elia ambaye hajawahi kupoteza hata kijiko. Hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo katika nchi hii, na mimi ndiye niliyeivunja kwa nyundo.

Mwaka ule nilikuwa nimeazima kitabu katika maktaba ya shule. Kilikuwa kikubwa, chenye picha za Wakristo wa kwanza, wale waliozika watu wao katika mahandaki chini ya mji wa Roma na kuchora kwenye kuta kwa mwanga wa taa za mafuta. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ameinua mikono miwili, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba amekamatwa na polisi, mpaka niliposoma maelezo nikajua anasali. Kulikuwa na tausi, ambaye kwao alikuwa alama ya uzima usioisha, na njiwa mwenye tawi, na samaki, na nanga iliyokwaruzwa juu ya jiwe la kaburi na mtu aliyekuwa na haraka. Na kulikuwa na kijana. Hakuwa na ndevu wala duara la mwanga kichwani. Alivaa kanzu fupi iliyoishia magotini kama mtu wa kazi, na shingoni alikuwa amebeba kondoo, miguu ya mnyama ameishika kifuani kwa mikono yote miwili. Maelezo yalisema huyo ni Mchungaji Mwema, ndiye Yesu kama walivyomchora watu wa kwanza kumchora. Nilimwangalia mpaka nikahisi uzito wa yule kondoo mabegani mwangu.

Kitabu kilisema jambo jingine, na hili ndilo lililoniponza. Kilisema kwamba nyakati za kuwindwa waumini walitambuana kwa alama ndogo ambazo mpita njia asingezijali, na kwamba kitu chenye alama kilikuwa cha watu wa Bwana. Nilikuwa nimepewa siri. Nikaanza kuitafuta kila mahali, kwenye nguzo za stesheni, kwenye madirisha ya maduka ya Cabramatta tulikokwenda kununua mchele, kwenye mihuri ya nyama.

Miezi hiyo hiyo Mzee Sefania alikuwa anajenga birika la ubatizo nyuma ya ukumbi. Kabla ya hapo tulibatiza katika bwawa la kuogelea la kukodi, Pasta akiwa majini na Biblia ndani ya mfuko wa nailoni huku watoto wa Kizungu wakijirusha upande wa pili. Birika lilikuwa fahari ya kanisa zima. Lilipokaribia kwisha, Pasta alitangaza kwamba ukuta wa nyuma yake uko wazi, na mwenye kipawa akitoe. Watu wazima walitazama chini. Mimi nilimfuata baada ya ibada na mchoro wa yule kijana na kondoo wake, nikamweleza kwamba nitautengeneza kwa vipande vidogo vidogo vya vigae, kama sakafu za kale zilizokuwa kwenye kurasa za mwisho za kitabu. Pasta alicheka, akanishika kichwa, akasema sawa, mradi nisiombe hela ya kanisa.

Mzee Sefania hakucheka.

"Ukuta huu nimeupiga lipu mwenyewe, kila jioni nikitoka kazini," alisema. "Weye unajua hata kushika mwiko?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba najua. Sikujua. Wiki moja baadaye nilikuwa najua, maana nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye ubao nyumbani, nikibandika na kubandua, mpaka gundi ikaacha kudondoka. Nasema hivi kwa sababu tangu hapo nimefundisha watu wazima wenye mikono mikubwa kuliko yangu, na sijaona hata mmoja aliyejifunza kwa wiki moja.

Baba alikuwa dereva wa foklifti katika ghala la vigae, na aliruhusiwa kuchukua vilivyovunjika. Lakini miaka ile Sydney nzima ilikuwa inaweka kijivu. Kijivu cha moshi, kijivu cha mvua, kijivu cha simenti, na cheupe kidogo kwa ajili ya vyoo. Mwili wa kondoo niliupata kwenye cheupe hicho. Ngozi ya kijana niliipata kwenye vyungu vya maua vilivyotupwa na jirani. Buluu ya kanzu, kijani cha miti na rangi zote za tausi sikuwa nazo, na likizo ilikuwa ya wiki mbili tu.

Ndipo nilipoinua sahani moja kutoka kwenye boksi sebuleni kwetu. Kulikuwa kumetoka msiba mkubwa, mama alikuwa anafanya shifti za ziada, na maboksi yalikuwa yamekaa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu alipanga kuwagawia wenyewe Jumapili ya kufungua birika, watakapokuwa wote pamoja. Sahani ilikuwa ya buluu iliyokolea, yenye ukingo wa dhahabu na waridi katikati. Nikaigeuza. Chini yake kulikuwa na msalaba mwekundu. Nikaigeuza nyingine ya kijani, nikakuta mstari uliojikunja na kujikata mkiani, samaki kabisa, kama yule wa kitabuni. Ya tatu ilikuwa na ndoano yenye kijiti juu, na nani angeniambia kwamba hiyo si nanga? Leo najua kwamba msalaba ulikuwa wa Mama Feza kwa sababu ni rahisi kuuchora, samaki alikuwa utepe wa Mama Neema aliyekuwa na kichupa cha rangi kilichokaribia kukauka, na nanga ilikuwa herufi ya kwanza ya jina la Mama Jeanne. Siku ile niliona kitu kimoja tu. Mama zetu walikuwa wamepatana kimya kimya, kama wale wa Roma, na vyenye alama vilikuwa vimetolewa kwa Bwana tayari. Walikuwa wanasubiri mtu mwenye macho.

Sikumuuliza mama. Nilijivuna mno kuuliza. Mtu aliyegundua siri ya wakubwa haendi kuwauliza wakubwa kama ni siri.

Nilichagua thelathini na moja, zile zenye rangi nilizohitaji, nikazishusha chini kwenye banda la gari mama alipokuwa kazini. Kila moja niliifunga kwa taulo kabla ya kuipiga. Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Vipande nilivipunguza kwa koleo la baba mpaka vikawa sawa na kucha ya kidole gumba. Zilizobaki nilizirudisha kwenye boksi, nikajaza magazeti, nikafunga tepe vizuri kama nilivyoikuta. Nilifanya hivyo kwa sababu mama hapendi vitu viachwe wazi. Baadaye ile tepe ndiyo iliyonihukumu.

Nilifanya kazi likizo yote nyuma ya pazia la nailoni. Mzee Sefania alipita kila jioni, akasimama nje ya pazia, akakohoa, akaondoka. Baridi ya mwezi wa saba ilitoka kwenye zege ikanipanda hadi kiunoni. Nilianza na macho ya kondoo, kwa sababu niliogopa kwamba nikiyaacha mwisho nitayaharibu, kisha nikazunguka mwili wake kwa mistari kama manyoya yanavyolala. Kanzu ya kijana niliifanya buluu yote, na ukingo wa dhahabu wa sahani nikaufanya pindo lake. Waridi nililiweka zima pajani mwake, maana lilikuwa zuri mno kulivunja. Tausi alisimama kwenye kona ya chini, mkia wake ukiingia majini. Nimefanya kazi kubwa zaidi tangu wakati ule, katika nyumba ambazo sebule zake zinameza kanisa lile zima, na wenye nyumba wamenipongeza kwa mkono. Sijafanya kazi nzuri zaidi. Hilo nalisema bila unyenyekevu wowote.

Jumapili ya ufunguzi Pasta aliingia majini na suruali yake nyeusi, maji yakimfika kiunoni, akavuta pazia. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili kanisa lilinyamaza, na nilidhani ni kwa sababu ya uzuri. Labda ilikuwa hivyo. Mama alikuwa mstari wa nyuma, maboksi yake yakiwa kwenye gari nje, na alinitazama kwa uso ambao sikuuona tena mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kisha Mama Feza aliinuka. Alitembea polepole kati ya viti, amejifunga kitenge cha sherehe, mpaka kwenye ukingo wa birika, akainama na kutazama paja la Yesu.

"Hii ni sahani yangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akanyoosha kidole kwenye waridi. Akasema ile ni servisi yake ya ndoa, sahani sita, aliyoitoa Uvira ndani ya blanketi la mtoto, akaivusha ziwa, akaitunza kambini Kigoma miaka yote ile bila kuitumia hata siku moja, akaileta Sydney ikiwa nzima, na mara ya kwanza aliyoikopesha ni kwenye ule msiba. Sauti yake ilipanda kwa kila mahali alipopataja. Mama Neema naye akasogea, akaona miti. Mama Jeanne akaona shingo ya tausi. Wakawa wanaonyeshana kwa vidole, huyu mguu wa kondoo, yule bawa, mwingine majani, na waliosubiri kubatizwa wamesimama pembeni na kanzu zao nyeupe wakitetemeka. Mmoja alitoka nje, akarudi na boksi kutoka kwenye gari letu, akalifungua mbele ya wote. Magazeti yalitoka mengi.

Waliniuliza kwa nini, nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, ili wasiseme nawadharau, nikataja mahandaki na samaki na nanga, nikasema sahani zilikuwa na alama za Bwana. Walinisikiliza mpaka mwisho. Halafu Mama Feza akauliza kitu kimoja, kwa upole uliotisha kuliko kelele. Akauliza, kama zilikuwa za Bwana, kwa nini nilirudishia tepe?

Jibu lilikuwa kwamba mama hapendi vitu viachwe wazi, na sikulitoa kwa sababu nilijua jinsi litakavyosikika.

Mzee Sefania aliona nafasi yake. Alisimama karibu na ukuta wake na kuuangalia kama aliyeonyeshwa jipu. Akasema yeye amekulia kwa wafugaji, na kwao mchungaji hambebi kondoo mzima mwenye miguu minne shingoni. Kondoo wa mchungaji hutembea. Anayembeba shingoni ni yule asiyetaka nyayo za mnyama zionekane njiani asubuhi.

"Tazameni vizuri," alisema. "Hana ndevu, hana kanzu ndefu, ameshika miguu asije akaponyoka. Mwizi amejichora mwenyewe, na sisi tubatiziwe chini yake."

Watu walicheka. Hilo ndilo nililolibeba miaka yote. Hasira zao ningezisamehe, walikuwa na haki nazo, hasa yule mama wa Uvira. Lakini walicheka, baba yangu akiwa ameinamisha kichwa, na Pasta, ambaye alikuwa na kitabu kizima cha kumjibia mzee yule, ambaye angeweza kusema kwamba aliyepotea hubebwa, alibaki majini akikunjua mikono ya shati lake.

Mama alipita mbele. Aliahidi kwamba kila sahani itarudi kwa mwenyewe. Mama Feza akamwambia kwamba sokoni ziliponunuliwa pameungua pamoja na duka, basi azirudishe kutoka wapi? Akaongeza kwamba mtunza vyombo aliyezaa mwizi ni mwizi aliyetuma mtu. Hiyo sentensi ilisemwa na kuachwa hivyo, na hakuna mtu aliyesema kwamba ni uongo.

Kesho yake Mzee Sefania alibandua picha yote kwa patasi, akaweka vigae vya kijivu. Havijatoka hadi leo. Kabla ya mwaka kuisha baba alinikatia tiketi ya kwenda Morogoro kwa mjomba, shule ya bweni, kama walivyofanyiwa wengi wenu mliowashinda wazazi. Nyuma yangu hakuna aliyemkabidhi mama kitu tena. Kulipokuwa na shughuli aliambiwa, "Mama Elia, wewe leta vikombe vya karatasi." Alinisimulia hilo kwenye simu kama kichekesho, na nilimsikia akijaribu kucheka peke yake.

Nilisoma kwa chuki, na sioni aibu kulitamka hilo. Wengine husoma kwa ndoto, mimi nilisoma kwa vikombe vya karatasi. Chuoni nilijilipia ada kwa kuuza vyungu nilivyofinyanga mwenyewe, nikamaliza wa kwanza, na mwalimu wetu wa joko alikuwa akiniita wakati kitu kimemshinda. Huko ndiko nilikojifunza kwamba wale Wakristo wa kwanza hawakumbuni yule kijana. Watu wa dini za zamani walikuwa wanamchonga mbeba kondoo karne nyingi kabla yao, akipeleka mnyama kwa miungu yao. Waumini walimkopa, na tausi walimkopa vile vile, wakawatia maana mpya, wala hawakumrudishia mtu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba. Laiti ningelijua nikiwa na miaka kumi na mmoja, ningemwambia Mzee Sefania kwamba ukuta wowote aliowahi kuuheshimu una sahani ya mtu mwingine ndani yake.

Nilirudi Sydney na stashahada, kwa tiketi niliyojinunulia. Kazi za kubandika kijivu katika bafu za watu zilinipa karakana, karakana ikanipa joko, na Jumapili, wakati wao wako kanisani, mimi nilikuwa nafinyanga sahani. Za kununua nilizitafuta Cabramatta na kila mahali, hazikufanana. Mama alikuwa amehifadhi daftari la ule msiba, jina la kila mmoja na idadi yake na rangi, kwa hiyo nilijua ninachotengeneza. Za kijani hazikunipa shida. Waridi la Mama Feza lilinikataa mwaka mzima. Dhahabu huchomwa mara ya tatu, kwa moto mdogo, na ukikosea kidogo inakuwa rangi ya chai. Nilivunja nyingi sana, na safari hii zilikuwa zangu.

Nilikwenda Jumamosi ambayo nilijua akina mama wote watakuwa jikoni wakimenya vitunguu. Mama sikumwambia tunakwenda kufanya nini mpaka tulipoegesha. Alitaka kubaki kwenye gari, nikamfungulia mlango. Ndani alisimama karibu na ukuta na koti lake limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayepita tu. Mzee Sefania alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na birika. Hakuwahi kunikopesha kitu, kwa hiyo siku ile sikuwa na neno naye.

Niliita majina. Mama Neema alipokea sita zake, akalia, akanipiga bega. Mama Jeanne alikuwa amefariki, akapokea binti yake, ambaye alinishukuru kwa Kiingereza. Mmoja baada ya mwingine walifuta mikono kwenye vitenge na kupokea, na hakuna aliyecheka. Mama Feza nilimwacha mwisho, makusudi. Alizichukua nne zote nilizomvunjia katika zile sita, akazipeleka dirishani, akaziangalia moja moja kwa muda mrefu.

"Hii waridi si ile," alisema. "Ile yangu ilikuwa imefutika jani moja."

"Jani litafutika ukiitumia, Mama Feza."

Akanitazama. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Nilisema hutarudi."

"Nilisikia."

"Na mama yako nilisema vibaya."

"Ulisema mbele ya kanisa zima," nikamwambia. "Hapa kuna watu wangapi?"

Mama Feza aliweka sahani mezani, akageukia upande aliosimama mama. Alisema kwa sauti ile ile ya siku zote kwamba Mama Elia hakuiba na hakumtuma mtu, na kwamba yeye alilijua hilo hata siku alipolisema. Kisha, bila kupumzika, kama anayeendelea na orodha ya manunuzi, akasema Jumamosi ijayo wanamwoza mtoto wa Mama Neema, kuna sahani za watu wengi, na safari iliyopita zimepotea saba.

"Shoga, zitakaa kwako?"

Miaka yote ile nilikuwa nimemtungia mama jibu. Lilikuwa fupi na baya, nililifanyia mazoezi mbele ya joko, na pale nilimtazama ili alisome usoni kwangu. Hakunitazama. Alifungua koti lake kifungo baada ya kifungo, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda mezani na kuanza kuzitenganisha zile sahani nne kwa karatasi.

"Nileteeni magazeti mengine," alisema. "Hizi zina dhahabu, sitaki zigongane."